Jina la Heshima au Jina Rasmi? Ulinganisho wa Njia za Kumuenzi Mtu Barabarani

Barua za kuomba barabara ipewe jina la mtu huwa zimejaa sifa za mhusika: alizaliwa wapi, alifundisha watoto wa nani, alijenga nini. Kinachokosekana mara nyingi ni ombi lenyewe. Je, wanaoomba wanataka kibao cha pili kitundikwe karibu na kile cha zamani, au wanataka jina jipya liingie kwenye ramani, kwenye bili za maji na kwenye hati za nyumba? Hayo ni maombi mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza linaweza kumalizwa na madiwani katika kikao kimoja. La pili linaweza kuwafikisha wakazi mahakamani.

Nitayalinganisha hapa pamoja na njia nyingine ambazo kamati huzisahau, nikitumia mifano ya miji iliyokwisha kuzijaribu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anasoma maoni ya nani: kabla ya kuuliza kama mtu anastahili, ulizeni ni nani atakayelazimika kuliandika jina lake kila siku. Jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu kinachofuata.

Kibao cha pili

Chicago ndiyo mji unaotajwa zaidi katika habari hizi. Tangu miaka ya 1980 baraza lake limekuwa likitoa majina ya heshima kwa vibao vya rangi ya kahawia, huku jina rasmi likibaki palepale kwenye kibao cha kijani. Anwani haiguswi. Posta haihusiki. Diwani wa eneo hupeleka pendekezo, baraza hupitisha, mafundi hutundika kibao kwenye kona. Vibao hivyo sasa vimezidi elfu moja, na wakazi wengi hupita chini yake bila kujua aliyetajwa ni nani.

New York ina utaratibu wa aina hiyo, ila kule jina la heshima hupita kwanza kwenye bodi ya jamii ya eneo husika, kisha baraza la jiji hukusanya majina mengi katika muswada mmoja na kuyapitisha kwa pamoja. Kwa hiyo pana ngazi moja ya ziada ya uchunguzi. Bodi nyingine zimejitungia masharti yao: mhusika awe amefariki, awe ameishi au kufanya kazi eneo hilo, na mchango wake uthibitishwe kwa maandishi.

Faida ya njia hii ni wepesi wake. Gharama ni ya kibao na fundi. Mwenye duka habadilishi leseni, mpangaji habadilishi kitambulisho. Na jina likigeuka kuwa aibu, kuliondoa ni kazi ya ngazi na bisibisi. Mwaka 2016 madiwani wa Chicago walipiga kura kuondoa kibao cha heshima cha "Trump Plaza" kilichokuwa karibu na jengo la Donald Trump katikati ya jiji. Kingekuwa jina rasmi la barabara, shughuli ingekuwa nyingine kabisa.

Wepesi huohuo ndio unaoiharibu njia hii. Diwani huona vigumu kulipinga jina lililoletwa na mwenzake, kwa kuwa naye ana lake analotaka kulileta mwezi ujao. Matokeo yake ni kwamba majina hupita kwa kuoneana haya zaidi kuliko kwa kupimwa. Mwaka 2000 Chicago ilimpa kibao Hugh Hefner, mwanzilishi wa jarida la Playboy, akiwa hai, na watu waliuliza kwa haki kabisa mizani iliyotumika ilikuwa ipi. Inapotokea baraza likakataa, huwa ni habari: mwaka 2007 Baraza la Jiji la New York lilikataa kumpa jina la mtaa Sonny Carson, mwanaharakati wa Brooklyn, kwa sababu ya kauli zake dhidi ya Wazungu. Mjadala ulikuwa mkali na uliacha majeraha, lakini angalau ulifanyika hadharani.

Kasoro nyingine hutajwa mara chache. Kibao cha heshima hakimwambii mpita njia lolote zaidi ya jina. Bila maelezo, jina la mwalimu aliyefundisha vizazi vitatu na jina la tajiri aliyefadhili uchaguzi wa diwani yanaonekana sawasawa.

Jina rasmi

Hapa mzigo unawaangukia watu. Toronto iliamua mwaka 2021 kuiondolea Dundas Street jina la Henry Dundas, mwanasiasa wa Uskoti anayelaumiwa kwa kuchelewesha kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Hesabu zikaanza. Barabara hiyo ina wakazi wapatao 97,000 na biashara 4,500 hivi. Makadirio ya kwanza yalikuwa kati ya dola za Kanada milioni 5.1 na 6.3, kisha yakapanda hadi kupita milioni 12. Mwishoni mwa 2023 baraza liliachana na mpango wa kubadilisha barabara nzima, likaamua uwanja wa umma wa Yonge-Dundas uitwe Sankofa Square. Uwanja hauna maelfu ya wapangaji wa kubadilishiwa anwani.

Haringey, kaskazini mwa London, walifanya kwa kiwango kidogo na wakafika mwisho. Black Boy Lane iligeuzwa kuwa La Rose Lane mnamo Januari 2023, kumuenzi John La Rose, mshairi na mchapishaji aliyetoka Trinidad. Halmashauri ililipa kila kaya pauni 300 kufidia usumbufu wa kubadilisha nyaraka. Wako wakazi waliopinga mpaka mwisho, lakini fidia hiyo ni jambo la kuigwa: baraza linalosema jina hili ni la maana kwetu sote lisiwaachie watu wa mtaa mmoja gharama yote.

Kuna pia hatari ya jina kukubaliwa kwenye karatasi na kukataliwa mdomoni. New York iliita Sixth Avenue kwa jina la Avenue of the Americas mwaka 1945. Zaidi ya nusu karne baadaye wenyeji bado wanasema Sixth, na jiji lilirudisha vibao vya jina la zamani vikae pamoja na vile vipya. Sheria ina uwezo wa kubadilisha bahasha, lakini mdomo wa mtu ana amri nao mwenyewe.

Mfano unaofaa kusomwa na kila diwani ni wa Kansas City, Missouri. Januari 2019 baraza la mji lilibadilisha jina la barabara kuu ya kihistoria, The Paseo, kuwa Dr. Martin Luther King Jr. Boulevard. Kanuni ya mji ilitaka asilimia 75 ya wenye mali kando ya barabara waridhie kwanza, na baraza likaliweka kando sharti hilo. Novemba mwaka huohuo wapiga kura walilirudisha jina la zamani kwa takriban asilimia 70. Hata baadhi ya waliomheshimu King kwa dhati walipiga kura dhidi ya jina, wakiwa na hasira juu ya namna lilivyoletwa. Mwaka 2021 mji ulipata njia nyingine: jina la King likawekwa kwenye barabara tatu zinazofuatana kutoka mashariki hadi magharibi, bila kuigusa Paseo.

Pamoja na hayo yote, kuna hali moja ambapo jina rasmi ndilo jibu pekee, nayo ni pale jina la zamani linapokuwa ndilo tatizo. Berlin inalionyesha hili wazi, na msomaji wa Kiswahili atalielewa haraka. Katika wilaya ya Neukölln kulikuwa na Wissmannstraße, jina la Hermann von Wissmann, afisa aliyeongoza jeshi la Wajerumani kuzima vita vya Abushiri katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2021 barabara hiyo iliitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanasiasa wa Tanganyika na baadaye Tanzania. Sasa fikiria kama wangechagua njia ya Chicago: jina la Lucy Lameck kwenye kibao kidogo cha kahawia, chini ya jina la Wissmann. Hapo heshima ingegeuka kejeli.

Zilizo katikati

Kati ya kibao na jina rasmi kuna nafasi pana, na kamati nyingi huiruka.

Njia ya kuunganisha ilitumika Chicago mwaka 2021. Pendekezo lilikuwa kuipa barabara ya kando ya ziwa, Lake Shore Drive, jina la Jean Baptiste Point DuSable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mkazi wa kwanza wa kudumu asiye mwenyeji wa asili mahali palipokuja kuwa jiji hilo. Wapenzi wa jina la zamani hawakukubali. Baraza likapitisha kwa kura 33 dhidi ya 15 jina linalobeba yote: Jean Baptiste Point DuSable Lake Shore Drive. Kisiasa ilikuwa busara. Kwa mtu anayempigia simu zimamoto akiwa na hofu, ni jina refu kupita kiasi, na kila mtu hulikata anavyotaka.

Njia ya kugeuza maana bila kugusa kibao ni ya werevu zaidi, na pia ni dhaifu zaidi. Petersallee ya Berlin ilipewa jina la Carl Peters, yuleyule aliyekusanya mikataba ya hila ya ardhi katika Afrika Mashariki na ambaye ukatili wake ulimfukuzisha kazi hata huko Ujerumani. Mwaka 1986 wakuu walitangaza kwamba kuanzia hapo barabara inamkumbuka Peters mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyepinga utawala wa Wanazi. Hakuna aliyebadilisha anwani, hakuna aliyelipa kitu. Na hakuna aliyeamini. Baada ya miaka mingi ya madai na kesi, mnamo Agosti 2024 barabara hiyo iligawanywa katika majina mawili mapya: Maji-Maji-Allee na Anna-Mungunda-Allee. Hata hivyo, ujanja wa aina hiyo umewahi kufaa. King County, kaunti yenye jiji la Seattle, ilikuwa na jina la William Rufus King, makamu wa rais aliyemiliki watumwa. Mwaka 1986 baraza la kaunti liliamua jina liwe la Martin Luther King Jr., na sheria ya jimbo ikathibitisha mwaka 2005. Tofauti ni kwamba King wa pili anajulikana na kila mtu, na kaunti baadaye iliweka sura yake kwenye nembo yake. Hans Peters hakuwa na lolote la kumtambulisha zaidi ya tangazo.

Viwanja, kona na njia za miguu zisizo na milango ya nyumba ni fursa ambayo Paris huitumia vizuri. Johnny Hallyday, mwanamuziki aliyefariki mwaka 2017, alipewa uwanja wa mbele ya ukumbi wa Bercy mwaka 2021. Jina liko mahali ambapo maelfu hukusanyika, na hapana jirani wa kusumbuliwa.

Ninayoipenda kuliko zote, na ambayo waombaji huipenda kidogo kuliko zote, ni kutoa jina kwa barabara mpya. Kibao kinanunuliwa vyovyote vile. Hakuna mkazi wa kupinga kwa kuwa hajahamia. Baraza likiwa na orodha ya akiba ya majina yaliyokwisha kuchunguzwa, mwendelezaji anapoleta ramani ya viwanja majina yanachukuliwa humo badala ya kuachiwa yeye ajaze maua na ndege. Udhaifu wake ni kwamba barabara mpya huwa pembezoni mwa mji, mbali na mahali mhusika alipoishi, na familia huhisi imetupwa nje. Hoja hiyo ina uzito. Lakini miaka thelathini baadaye pembezoni hapo huwa katikati, na jina litakuwa rasmi bila kumgharimu mtu.

Kibao cha ukumbusho ukutani hakihesabiwi na wengi kuwa mshindani, nami nadhani wanakosea. London ilianza mpango wake mwaka 1866, na kibao cha kwanza, cha mshairi Byron, kiliwekwa mwaka 1867. Mambo yaliyomo kwenye kibao cha aina hiyo ni yale yanayokosekana kwenye kona ya barabara: jina kamili, miaka, kazi, na uhusiano wa mtu huyo na jengo lile hasa. Kwa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa kutoka nyumba moja, ukuta wa nyumba hiyo unasema zaidi kuliko nguzo ya taa.

Kanuni ya kusubiri

Sehemu hii ya sheria ndogo ndiyo inayobishaniwa zaidi, kwa hiyo naiweka kwa safu.

| Mahali | Muda baada ya kifo | Msamaha |
|---|---|---|
| Italia (sheria Na. 1188 ya 1927) | miaka 10 | serikali inaweza kuruhusu mapema |
| Paris | miaka 5 | baraza hulegeza mara kwa mara |
| Berlin | miaka 5 | kwa maslahi maalumu ya umma |
| Washington, D.C., jina rasmi | miaka 2 | marais, wabunge wa taifa, mameya na madiwani |
| Vibao vya ukutani vya London (huwekwa na shirika la English Heritage) | miaka 20 | nadra |
| Chicago, jina la heshima | walio hai hupewa | – |

Tazama mpangilio huo. Kwa majina ya barabara, kadiri alama inavyokuwa ngumu kuiondoa, ndivyo muda unavyoelekea kurefuka, isipokuwa Washington, ambako muda ni mfupi na wanasiasa walijitungia mlango wa pembeni; vibao vya ukutani vya London vina kanuni yao, na ndiyo ndefu kuliko zote. (Sishangai. Kanuni za majina huandikwa na watu wanaotarajia kuenziwa siku moja.)

Hoja ya kusubiri inaeleweka. Wiki ya msiba hakuna anayethubutu kusema hapana, na mambo ya siri ya mtu huwa hayajafukuliwa. Lakini kanuni isiyo na msamaha nayo ina hasara zake. Detroit iligeuza 12th Street kuwa Rosa Parks Boulevard mwaka 1976. Bi Parks aliishi hadi 2005, akaweza kupita katika barabara yenye jina lake kwa karibu miaka thelathini. Mtaa wa Camden, London, ulioitwa Selous Street uliitwa Mandela Street katikati ya miaka ya 1980, wakati Nelson Mandela akiwa gerezani na chama kilichopigania kuachiwa kwake kikiwa na ofisi palepale. Kusubiri hadi 2018, miaka mitano baada ya kifo chake, kungeifuta maana yote ya tendo hilo.

Kwa jina rasmi mimi ningeandika miaka mitano, na msamaha kwa theluthi mbili ya kura za madiwani wote, si za waliohudhuria tu. Kwa kibao cha heshima ningetosheka na miaka miwili. Kwa kiongozi aliye madarakani ningeandika hapana, na msamaha usiwepo.

Ridhaa ya wakazi

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 ilitaka theluthi mbili ya walipa kodi wa mtaa wakubali kabla jina halijabadilishwa. Kansas City, kama tulivyoona, iliandika asilimia 75. Viwango hivyo vinawalinda wenye nyumba, lakini vinazua swali: nani anahesabiwa? Mwenye jengo anayeishi mji mwingine ana kura, mpangaji wa miaka ishirini hana. Kwenye barabara kuu yenye maduka, wafanyabiashara wachache huweza kulizuia jina ambalo mji mzima unalitaka. Ndivyo ilivyotokea kwa majina ya Martin Luther King katika miji mingi ya Marekani. Wenye biashara wa barabara kuu walipinga, jina likasukumwa hadi kwenye vichochoro vya mitaa ya watu weusi, halafu watu wakauliza kwa nini jina la King liko sehemu maskini tu.

Ukweli ni kwamba kiwango kimoja hakifai kwa kila njia. Kibao cha heshima kisidai saini za theluthi mbili, kwa kuwa hakimtwishi mtu mzigo. Taarifa kwa wakazi na siku 30 za kupokea maoni zinatosha. Jina rasmi lidai ridhaa ya watu wanaoishi pale, wapangaji wakiwemo, mmoja kwa kila kaya. Na pale ambapo jina la zamani ni dhuluma iliyo wazi, uamuzi usiachiwe mtaa peke yake, maana waliodhulumiwa huenda hawajawahi kuishi hapo.

Nani anachagua nani

Hesabu ya majina ya mji wowote huonyesha wanaume wengi na wanawake wachache. Mabaraza mengine husikitika tu. Friedrichshain-Kreuzberg, wilaya ya Berlin, iliandika kanuni mwaka 2005 kwamba majina mapya ya watu yapewe wanawake mpaka uwiano ukae sawa. Mwaka 2013 kanuni hiyo ilipata mtihani. Uwanja ulio mbele ya jengo la Jumba la Makumbusho la Kiyahudi ulikuwa ukitafutiwa jina, na wengi walitaka uwe wa mwanafalsafa Moses Mendelssohn. Kanuni ilisema mwanamke. Baada ya mabishano marefu uwanja uliitwa Fromet-und-Moses-Mendelssohn-Platz, mke akitangulia. Kuna waliocheka. Mimi naona ni jibu bora kuliko yote mawili yaliyokuwa yanagombaniwa, na lisingepatikana bila kanuni kukaa imara dhidi ya mtu mashuhuri.

Ukilinganisha na Chicago, tofauti iko kwenye kinachoanza. Berlin huanza na kigezo kisha hutafuta mtu. Chicago huanza na mtu kisha hutafuta kona. Njia ya pili huwapa nafasi wakazi wa kawaida kupeleka majina yao, jambo zuri, lakini haiwezi kurekebisha upogo wowote, kwa kuwa wanaoleta majina ni wale ambao tayari wana sauti kwa diwani.

Majina yanayolengwa kwa jirani mmoja

Hili ni kundi dogo, na pengine silo lililomleta msomaji hapa, ila linafundisha tofauti ya jina rasmi na la heshima kuliko mfano wowote. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliamua kwamba anwani ya ubalozi wa Kisovyeti mjini Washington iwe Namba 1 Andrei Sakharov Plaza, jina la mwanafizikia aliyekuwa amefungiwa uhamishoni nchini mwake. Lengo lilikuwa kila bahasha imtaje. Mwaka 2018 baraza la Washington liliweka jina la Boris Nemtsov, mpinzani aliyeuawa Moscow, mbele ya ubalozi wa Urusi, na mwaka 2022 la Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudia aliyeuawa, mbele ya ubalozi wa Saudia. Hizi mbili ni za heshima. Bahasha hazibadiliki, kinachobaki ni kibao kinachotazama geti. Moscow nayo ilijibu mwaka 2022 kwa kuupa uwanja ulio kwenye ubalozi wa Marekani jina rasmi la "jamhuri" ya Donetsk, eneo la Ukraine lililojitenga kwa kuungwa mkono na Urusi, na kwa muda ubalozi ukajitambulisha kwa vipimo vya latitudo na longitudo badala ya kuliandika. Kukwepa huko kusingekuwa na haja kama lingekuwa kibao cha pili tu.

Uchague ipi

Kama mhusika ni mtu wa mtaa, anayekumbukwa na wale waliomjua, chukua kibao cha heshima na ukiwekee mwisho. Evanston, mji jirani wa Chicago, huweka vibao vyake kwa miaka 10. Muda ukiisha, kona huwa wazi kwa mwingine. Wazo la muda huwaudhi waombaji linapotajwa mara ya kwanza, lakini ndilo linaloliokoa baraza na nguzo zilizojaa majina yasiyojulikana. Kama alikuwa na nyumba au karakana inayojulikana, linganisha kwanza na kibao cha ukutani.

Kama ni mtu wa taifa au wa mji mzima, subiri barabara mpya au uwanja usio na anwani. Ukiambiwa hakuna, uliza ramani za upimaji za miaka mitano ijayo kabla ya kuamini.

Kama jina la zamani ndilo linaloumiza, usikubali kibao cha pili hata kikitolewa bure kesho asubuhi. Omba jina rasmi, na ombi hilohilo lidai fidia kwa kaya na kipindi cha mpito ambapo vibao vyote viwili vinakaa, la zamani likiwa limekatwa mstari mwekundu kama wafanyavyo Wajerumani, ili posta na magari ya wagonjwa wasipotee.

Kwa upande wa anayeandika sheria ndogo, vifungu viwili visisahaulike. Cha kwanza ni utaratibu wa kuliondoa jina: nani anaweza kuomba, kwa sababu zipi, na kwa kura ngapi. Miji mingi huandika kurasa za namna ya kutoa na haina hata mstari wa namna ya kufuta, kisha kashfa inapozuka kila mtu anabuni kanuni yake papo hapo. Cha pili ni maandishi ya kibao chenyewe. Weka kikomo cha herufi kinachosomeka kutoka kwenye gari, zuia majina yanayofanana kwa sauti na ya barabara zilizopo, na agiza kila jina la mtu liwe na kipande kidogo cha maelezo: miaka yake na alichofanya, katika maneno yasiyozidi kumi na tano. Na liwe jina kamili, la kwanza na la ukoo. Yaliyowapata watu wa Petersallee yalianza kwa kuandika ukoo peke yake.